Nyota Zimevutika, Picha Ina Chenga: Kutafuta Kasoro Katika Picha za Anga la Usiku

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fungua picha iliyoharibika, ikuze hadi asilimia 100, kisha itazame sehemu tano: katikati na kona zote nne. Umbo la nyota ndilo litakalokuambia kasoro iko wapi. Zikiwa zimefura kote, tatizo ni fokasi. Zikivutika kuelekea upande mmoja, kuna kitu kilisogea. Zikiota mabawa kwenye kona tu, hiyo ni lenzi yenyewe. Wengi huiruka hatua hii, wakanunua lenzi mpya, na kasoro ikabaki palepale.

Maelezo yanafuata dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi imetangulia. Vipimo vya kuanzia kwa lenzi pana, milimita 14 hadi 24, usiku usio na Mwezi ni hivi: tundu (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga) f/2.8, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 10 hadi 15, ISO (kiwango cha kukuza mwanga ulioingia) 3200, faili za RAW (faili ghafi za kamera), na kila kitu kikiendeshwa kwa mkono. Kama vipimo vyako viko mbali na hivyo, rudi hapo kwanza ndipo uendelee kusoma.

## Nyota zote ni viduara vilivyofura

Hii ndiyo kasoro inayoongoza. Sababu ya kwanza ni kuiamini alama ya ∞ (umbali usio na mwisho) iliyochorwa kwenye lenzi. Lenzi nyingi huzunguka na kuipita, tena kwa makusudi, kwa kuwa glasi na chuma hutanuka na kusinyaa kadiri joto linavyobadilika. Ukizungusha pete mpaka igote, umeshapitiliza. Sababu ya pili ni kuiachia kamera ijitafutie fokasi yenyewe: gizani huhangaika mbele na nyuma, mwisho ikasimama popote.

Fanya hivi:

1. Weka swichi ya lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono). Fungua tundu hadi mwisho, na pandisha ISO hadi 6400 kwa muda ili skrini ionyeshe kitu.
2. Elekeza kamera kwenye nyota angavu kama Shira (Sirius) au Suheli (Canopus), au sayari kama Mshtarii (Jupita). Iweke katikati ya fremu.
3. Kuza skrini ya nyuma mara 10. Hapa unakuza mwonekano wa skrini tu. Usiguse zumu ya lenzi.
4. Zungusha pete ya fokasi polepole. Nyota itapungua, itakuwa nukta, kisha itaanza kufura tena. Pitiliza kidogo, rudi, pitiliza upande wa pili, rudi tena, mpaka ujue ni wapi inapokuwa ndogo kuliko kote. Lenzi nyingi zenye tundu kubwa huonyesha ukingo wa zambarau upande mmoja wa fokasi na wa kijani upande mwingine. Unapotafuta ni pale rangi zote mbili zinapofifia.
5. Piga picha ya majaribio ya sekunde 5, ikuze, uiangalie.

Usiitegemee ile nyota angavu peke yake, maana daima huonekana kubwa. Kipimo cha kweli ni nyota hafifu zinazoizunguka: fokasi ikikaa sawa, vinukta ambavyo havikuwepo kabisa kwenye picha iliyotangulia vinajitokeza. Ukiona vimeongezeka, bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya pete isiteleze.

Anayetumia lenzi ndefu au darubini atapata nafuu kubwa kwa barakoa ya Bahtinov, bamba lenye mifereji linalowekwa mbele ya lenzi. Nyota hutoa miali mitatu, na fokasi imekamilika mwali wa katikati unapopita sawasawa kati ya ile miwili inayokatana. Iondoe kabla ya kuanza kupiga. Kuisahau ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani.

Kama umefanya yote hayo na bado nyota zimefura, pitia haya kwa mpangilio. Je, uligusa zumu baada ya kufokasi? Lenzi nyingi za zumu hupoteza fokasi zikibadilishwa milimita. Je, ulizima kamera? Lenzi ambazo pete yake huendesha mota kwa umeme mara nyingi husahau mahali zilipokuwa pindi kamera inapozimwa au inapolala, na utepe hauzisaidii chochote. Zima usingizi wa kamera kwenye menyu. Je, joto limeshuka tangu ulipoanza? Hakiki fokasi kila baada ya saa moja. Je, kuna kichujio cha bei rahisi mbele ya lenzi? Kitoe, kwa sababu hata kisipoharibu fokasi huleta mizuka ya taa na nyota angavu.

Inabaki hali moja: kona moja tu imefura, nyingine tatu ni safi. Piga picha, geuza kamera juu chini kwenye tripodi, piga tena. Kama kona ileile ya picha ndiyo mbovu mara zote mbili, basi glasi ndani ya lenzi imekaa upande au kiungo cha lenzi na kamera kimelegea. Ishia hapo. Usifungue skrubu za lenzi. Kuzipanga upya glasi zake kunahitaji vifaa vya fundi, na lenzi iliyofunguliwa nyumbani mara nyingi hurudi na vumbi ndani pamoja na kasoro ileile.

## Nyota zimevutika kuwa vistari

Angalia ardhi kwanza. Kama miti na majengo yametulia lakini nyota zimevutika, Dunia imezunguka, basi. Anga husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kihisi (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24 chenye pikseli milioni 24, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (duara lililo juu ya ikweta ya Dunia) huvuka pikseli takriban 6 katika sekunde 20. Nyota zilizo karibu na ncha ya anga (nukta ambayo anga lote huonekana kuizunguka) husogea umbali mfupi zaidi, ndiyo maana picha moja inaweza kuwa na nyota safi upande mmoja na vistari upande wa pili.

Kanuni inayorudiwa sana ni ya 500: gawanya 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde. Ni ya enzi za filamu, na kwa kamera za leo ni ya ukarimu mno. Ukitumia kihisi cha APS-C (kidogo kuliko kile cha milimita 36 kwa 24) zidisha milimita kwa 1.5 kwanza (1.6 kwa Canon). Iliyo bora ni kanuni ya NPF, ambayo kwa umbo lake jepesi inakwenda hivi: zidisha namba ya tundu kwa 35, zidisha upana wa pikseli (kwa maikromita) kwa 30, jumlisha, gawanya kwa milimita halisi za lenzi. Mfano: lenzi ya milimita 16, f/2.8, kamera ya APS-C yenye pikseli za maikromita 3.9. Unapata 98 jumlisha 117, yaani 215, gawanya kwa 16: sekunde 13. Kanuni ya 500 ingekupa 20 na zaidi. Kwa picha ya kuweka kwenye simu hutaona tofauti. Kwa ya kuchapisha ukutani utaiona.

Kama ardhi nayo imevutika, au nyota zote zina ndoano au kona ya umbo moja, hiyo ni tripodi. Ukaguzi wa haraka:

- Tumia kuchelewesha shata kwa sekunde 10, au rimoti. Sekunde 2 hazitoshi tripodi nyepesi kutulia.
- Shusha nguzo ya katikati yote. Panua miguu minene, uache ile myembamba ya chini ikiwa haijavutwa.
- Vua mkanda wa kamera. Upepo ukiushika, kamera yote inacheza.
- Zima mfumo wa kutuliza mtikisiko, wa lenzi na wa ndani ya kamera. Mfumo huo ukiwa juu ya tripodi unaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha wenyewe.
- Kwenye kamera za DSLR (zenye kioo ndani), inua kioo kabla ya shata kufunguka.
- Ning'iniza begi chini ya nguzo, ila liguse ardhi kidogo. Begi linalobembea ni baya kuliko kutokuwa na begi.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata wazoefu: nyota zimevutika kuelekea katikati ya picha, kama zinakimbilia ndani. Hiyo ni lenzi ya zumu iliyoelekezwa juu, ambayo pipa lake linateleza polepole kwa uzito wake mwenyewe wakati shata iko wazi. Funga zumu kwa utepe au kwa kufuli yake kama inayo.

### Ukitumia kifuatilia nyota

Kifuatilia nyota ni kifaa chenye mota kinachozungusha kamera kufuata anga. Vistari vikiwa virefu mara mbili kuliko bila kifuatilia, swichi ya Kaskazini na Kusini iko upande usiofaa na mota inazunguka kinyume na anga. Ni jambo la sekunde moja kulirekebisha, lakini limewapotezea watu usiku mzima.

Vistari vikiwa vifupi na vya upande mmoja, mhimili haujaelekezwa vizuri kwenye ncha ya anga. Kwa kaskazini ya Dunia kuna nyota ya Polaris, iliyo chini ya nyuzi 1 kutoka ncha yenyewe. Kwa kusini kuna Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo mahali penye taa hutaiona kwa macho. Karibu na ikweta kuna shida yake: ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti, vumbi na ukungu, kwa sababu kimo cha ncha ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Hapo weka pembe ya kichwa cha kifuatilia sawa na latitudo, kisha utafute kaskazini halisi, si kaskazini ya dira. Tofauti kati ya hizo mbili hubadilika toka mahali hadi mahali, na programu za simu huionyesha. Kumbuka simu iliyo karibu na tripodi ya chuma au spika huonyesha upande wa uongo.

Kwa usahihi zaidi, pima kwa mwendo wa nyota. Chagua nyota iliyo juu karibu na ikweta ya anga, pale inapovuka mstari wa kaskazini na kusini. Ikiteleza kaskazini au kusini, rekebisha kifuatilia kulia au kushoto. Kisha chagua nyota iliyo chini mashariki au magharibi. Ikiteleza, rekebisha kimo. Rudia mpaka itulie kwa dakika unazohitaji.

Mwisho, uzito. Kamera na lenzi zikikaribia kikomo kilichoandikwa kwenye kifaa, mota itafuata kwa kusuasua. Kaa karibu na nusu ya kikomo hicho. Ukisikia gia zikikwaruza au mota ikinguruma bila kuzunguka, zima. Kulazimisha kwa mkono huku klachi imefungwa huvunja meno ya gia, na hapo ni kazi ya fundi.

## Nyota za kona zina mabawa

Katikati ni nukta, lakini kuelekea kona nyota zinageuka kuwa ndege wadogo wenye mabawa. Ni hali ya lenzi yenyewe, na karibu kila lenzi yenye tundu kubwa inayo. Funga tundu hatua moja au mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu): kutoka f/1.8 kwenda f/2.8, au f/1.4 kwenda f/2.5. Unapoteza mwanga, lakini unapata kona. Lenzi ya f/1.8 iliyofungwa hadi f/2.8 mara nyingi huishinda lenzi ya f/2.8 iliyofunguliwa wazi. Dawa nyingine ni kuacha nafasi pembeni wakati wa kupanga picha, ukate kona baadaye.

Ukiona kona zina giza badala ya mabawa, hilo ni jambo jingine. Programu ya kuhariri hulisahihisha kwa wasifu wa lenzi. Kwa picha za kurundika, yaani fremu nyingi zinazounganishwa na programu kuwa picha moja, piga fremu za mwanga sawa: kitambaa cheupe mbele ya lenzi, mwanga laini, ISO ileile, tundu lilelile, fokasi ileile.

## Picha ni nyeusi, au anga ni la chungwa

Nyeusi tii: kifuniko cha lenzi. Usicheke, kiangalie. Kikiwa kimetoka, angalia tundu, kwa kuwa kamera iliyotumika mchana huachwa f/8 au f/11, na f/11 hupitisha karibu moja ya kumi na sita ya mwanga wa f/2.8.

Picha ilionekana nzuri pale nje lakini nyumbani ni giza? Skrini ilikudanganya. Macho yaliyozoea giza huiona skrini hafifu kuwa inang'aa. Punguza mwangaza wa skrini uamue kwa histogramu (grafu ya mwangaza wa picha): mlima wa anga ukae kati ya robo na theluthi kutoka kushoto. Ukigusa ukuta wa kushoto, maelezo ya vivuli yamepotea na hayarudi.

Anga la chungwa au jeupe linatokana na mwanga wa taa za mji, Mwezi, au utusitusi. Giza kamili huanza Jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Kabla ya hapo anga bado lina mwanga hata kama macho hayaoni. Kwa mwanga wa taa, tazama Kilimia kwa macho matupu. Ukihesabu nyota sita bila shida, mahali hapo panafaa. Ukiona doa tu au huoni kitu, fupisha shata, piga fremu nyingi zaidi, na uelekeze kamera mbali na mji na juu ya ukungu wa upeo. Vichujio vinavyokata mwanga wa taa za sodiamu vilisaidia sana zamani. Taa za LED hutoa rangi nyingi kwa pamoja, na kichujio hakiwezi kuzikata bila kuzikata nyota pia. Fedha ya kichujio mara nyingi ina kazi nzuri zaidi kwenye mafuta ya gari la kukupeleka gizani.

Kama rangi zinabadilika toka picha hadi picha, umeacha mizani ya rangi ijiamulie. Iweke kati ya Kelvin 3800 na 4500. Lakini ukijani au wekundu hafifu ulio kwenye tabaka karibu na upeo, mahali penye giza kweli, si kosa. Hewa ya juu yenyewe hutoa mwanga huo.

## Njia Nyeupe haionekani kabisa

Kitovu cha ukanda huu wa nyota kiko upande wa kundinyota la Mshale (Sagittarius). Jua hupita hapo Desemba na Januari, kwa hiyo miezi hiyo kitovu kinapanda na kushuka pamoja na mchana. Kitafute alfajiri kuanzia Februari au Machi, usiku wa manane Mei na Juni, na jioni kuanzia Julai mpaka Septemba. Chagua siku chache kabla au baada ya mwezi mwandamo. Kama wakati ni sahihi na giza lipo lakini picha inaonyesha wingu hafifu tu, usikate tamaa na kamera: faili ya RAW huwa hivyo, na Njia Nyeupe hutokea unapoongeza utofauti wa mwanga wakati wa kuhariri.

## Chenga nyingi, na vidoti vyekundu, kijani na buluu

Chenga zinasambaa kote: mwanga haukutosha. Hapa kuna imani moja inayofaa kuvunjwa. ISO haiongezi mwanga. Inakuza kile kilichokwisha kuingia. Aliyeogopa chenga akapiga kwa ISO 400, kisha akaing'arisha picha kwenye kompyuta, kwa kamera nyingi atapata chenga mbaya kuliko aliyepiga ISO 3200 kwa sekunde zilezile. Dawa ni mwanga: tundu kubwa zaidi, muda zaidi, au fremu nyingi zilizorundikwa. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 4 huzipunguza kwa nusu, fremu 16 kwa robo. Kutoka 16 kwenda 64 ndipo utazipunguza kwa nusu nyingine, hivyo kuna mahali ambapo kuendelea hakulipi.

Vidoti vikali vya rangi vinavyokaa pikseli ileile kila picha ni pikseli moto. Huongezeka kihisi kikipata joto. Piga fremu za giza mwishoni, 10 hadi 20, kifuniko kikiwa kimefungwa, ISO ileile na sekunde zilezile, nje palepale. Ukizipiga nyumbani siku ya pili, joto limebadilika na hazitavifuta vidoti vizuri.

Mistari ya mshazari kama manyunyu ya mvua kwenye picha iliyorundikwa: hapo anga lilisogea polepole na pikseli moto zikachora njia. Sogeza kamera kidogo, kwa pikseli kadhaa na pande tofauti, kila baada ya fremu chache.

Na wale wanaolalamika kwamba kamera inaganda baada ya kila picha: haijaganda. Kipengele cha kupunguza chenga za shata ndefu kinapiga fremu ya giza kimyakimya, kwa muda uleule wa picha. Sekunde 30 zinakuwa 60. Kizime kama unarundika au unapiga njia za nyota, ile mistari mirefu ya nyota inayochorwa kwa makusudi.

## Picha zilianza safi, zikafifia taratibu

Umande. Usiku lenzi hupoteza joto kuelekea angani mpaka inakuwa baridi kuliko hewa, na unyevu unatua juu ya glasi. Nyota angavu huota duara la mwanga, nyota hafifu zinatoweka, na huhisi kitu kwa kuwa mabadiliko ni ya polepole. Mulika glasi kwa pembe ukitumia tochi nyekundu.

Usifute kwa shati. Unyevu na vumbi pamoja hukwaruza, na baada ya dakika mbili umande umerudi. Funga mkanda wa kupasha joto wa volti 5 nyuma kidogo ya glasi ya mbele, uuchomeke kwenye pawabenki, uuwashe kabla umande haujaanza. Baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo. Ijaribu nyumbani kwa saa moja kabla ya kuitegemea. Kofia ya lenzi ya kuzuia mwanga wa pembeni pia huchelewesha umande. Usitumie mashine ya kukaushia nywele yenye waya wa umeme wa nyumbani juu ya nyasi zilizolowa.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye hewa ya joto na unyevu, lenzi hujaa ukungu papo hapo. Iache kwenye begi lililofungwa kwa nusu saa. Ukirudi kutoka kwenye baridi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani.

Ishia hapo ukiona ukungu upande wa ndani wa glasi ambao hautoki baada ya siku moja kwenye chombo kilichofungwa chenye silika, au ukiona nyuzinyuzi kama mizizi. Hizo ni kuvu. Itenge na lenzi nyingine uipeleke kwa fundi, kwa sababu kuvu wakikaa hula tabaka la juu la glasi na hapo hata kusafisha hakurudishi kitu.

## Mistari isiyoitwa, na njia za nyota zenye mapengo

Mstari wenye vidoti vinavyorudiarudia ni ndege. Ulionyooka wenye mwanga sawa ni satelaiti. Unaoanza mwembamba, ukanenepa, ukafifia, mara nyingi na kijani kidogo, ni kimondo, usiufute. Ndege na satelaiti huondolewa na programu za kurundika kwa njia ya kukataa thamani zilizo mbali na wastani, lakini zinahitaji fremu za kutosha. Kwa fremu tatu programu haina cha kulinganisha. Anzia 10 na zaidi.

Mapengo kwenye njia za nyota yana chanzo kinachofichika. Kwenye kamera nyingi, "sekunde 30" kwa kweli ni 32. Ukipanga kipima muda kifyatue kila baada ya sekunde 31, amri inafika shata ikiwa bado wazi, kamera inaipuuza, na unapoteza fremu moja kila baada ya moja. Panga 33 au 34. Au iweke kamera kwenye kupiga mfululizo, shata 30, kisha ufunge kitufe cha rimoti. Mapengo yakiendelea, kadi ya kumbukumbu ni ya polepole.

## Mwezi ni doa jeupe, au sura yake inatetemeka

Mwezi mpevu ni mwamba unaomulikwa na Jua, kwa hiyo unapigwa kwa vipimo vya mchana: f/11, ISO 100, shata 1/100. Kwa nusu Mwezi ongeza hatua mbili hivi. Kuiachia kamera ipime yenyewe huiunguza picha, kwani inapima giza linalouzunguka Mwezi.

Sura inayotetemeka kama iliyo chini ya maji ni hewa. Subiri Mwezi au sayari ipande zaidi ya nyuzi 30, usipige juu ya paa zinazotoa joto la mchana, wala kupitia dirishani. Darubini iliyotoka ndani iache nje ipoe. Kwa Mshtarii na Zohali, rekodi video ya fremu elfu kadhaa, uiachie programu ichague asilimia 10 au 20 zilizo kali na kuzirundika.

Onyo la Jua. Usielekeze lenzi wala darubini kwenye Jua, hata likiwa limepatwa kwa sehemu kubwa, bila kichujio maalumu cha Jua kilichofungwa mbele ya lenzi. Vichujio vidogo vinavyofungwa nyuma, upande wa jicho, hupasuka kwa joto. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua haifai kuvaliwa ukichungulia kwenye darubini. Kuungua kwa retina hakuumi. Mtu anayeona doa katikati ya uoni wake aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Na kamera inayoachwa ikipiga mpaka alfajiri ikielekea mashariki ifunikwe kabla ya macheo. Kupatwa kwa Mwezi hakuhitaji kichujio chochote.

## Simu

Futa lenzi kwanza, kwani alama ya kidole huota miali kwenye kila taa. Kisha tripodi na kuchelewesha shata. Simu nyingi haziongezi muda wa shata mpaka zihisi zimetulia kabisa, kwa hiyo hali ya usiku ukiishika mkononi itaishia sekunde chache tu. Usitumie zumu, na uchague kamera kuu, si ile pana sana yenye kihisi kidogo.

## Kamera inazimika katikati ya kazi

Baridi hupunguza nguvu ya betri kwa muda. Iweke ya akiba mfuko wa ndani, na ile iliyokufa ikipata joto mara nyingi hurudi na fremu kadhaa. Skrini iliyowashwa saa nzima hula betri kuliko shata. Ikizimika kila mara ikiwa na chaji nusu, safisha vituo vya shaba vya betri kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu betri nyingine kabla ya kulaumu kamera.

Betri iliyovimba, hata kidogo, usiichaji tena, usiitoboe, usiilazimishe kuingia. Kama imekwama ndani ya kamera, usiikwangue kwa bisibisi. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa. Madoa ya vumbi kwenye kihisi, yale ya kijivu yanayokaa mahali palepale kila picha, yapulizie kwa pampu ya mpira kamera ikiwa imeinamishwa. Makopo ya hewa ya kushindiliwa hurusha kimiminika baridi kwenye kihisi. Doa lisilotoka kwa pampu aliondoe mwenye vifaa vya kusafishia kihisi.